Siku ya Mama au Siku ya Akina Mama? Historia na maana ya sikukuu ya Mei

KILA Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei, makanisa mengi nchini hujaa kuliko kawaida. Akina mama huitwa mbele ya madhabahu, huombewa, hupewa waridi moja moja na kupigiwa vigelegele. Mchana, mikahawa ya mijini huandaa meza za familia, nazo rununu hazitulii kwa jumbe za heri na fedha zinazotumwa mashambani.

Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba mwanamke aliyeipigania siku hii hadi ikatambuliwa na serikali ya Marekani mnamo 1914 ndiye yule yule aliyetumia miaka yake ya mwisho kutaka ifutwe.

Wachache zaidi wanajua kuwa wazo lenyewe lilikuwa la mamake. Mama huyo, aliyezika watoto wengi kuliko aliolea hadi utu uzima, hakuwazia maua wala kadi. Aliwazia maji safi, maziwa salama na dawa.

Kati ya wazo la mama na wazo la binti ndimo ilimo historia ya sikukuu hii. Ndimo pia limo swali ambalo Mkenya anaweza kujiuliza kila Mei: anayeenziwa ni mama mmoja nyumbani, au ni akina mama wote?

Siku yenyewe ni ipi?

Siku ya Akina Mama ni siku inayotengwa kila mwaka kuwaenzi wazazi wa kike na kazi ya malezi. Nchini Kenya, kama ilivyo Marekani, Afrika Kusini na mataifa mengine mengi, huadhimishwa Jumapili ya pili ya Mei.

Siku hii haimo katika orodha ya sikukuu za umma za Kenya. Hakuna gwaride wala hotuba rasmi ya taifa. Maadhimisho yake ni ya makanisa, shule, vyama na familia, na kwa kuwa huangukia Jumapili, wafanyakazi wengi huwa mapumzikoni.

Haifai kuchanganywa na Siku ya Wanawake Duniani, inayoadhimishwa Machi 8 na ambayo chimbuko lake ni harakati za wafanyakazi wa kike mwanzoni mwa karne ya 20. Wala si Siku ya Wazazi Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2012 kuwa Juni 1 ya kila mwaka.

Baadhi ya watangazaji huiita 'Siku ya Mama Duniani'. Jina hilo lina kasoro, kwa sababu dunia haina tarehe moja ya kumuenzi mama. Yapo mataifa yanayoiadhimisha Februari, mengine Machi, Agosti, Oktoba na hata Desemba.

Kabla ya Mei

Desturi ya kumtukuza mama ni kongwe. Wagiriki wa kale walimwabudu Rhea, mama wa miungu yao. Warumi nao walimfanyia tambiko Cybele, waliyemwita Mama Mkuu, katika mwezi wa Machi. Aidha, Machi 1 walikuwa na sherehe iliyoitwa Matronalia, ambapo wake walioolewa walipewa zawadi na waume zao.

Sherehe hizo, hata hivyo, zilikuwa za miungu. Hakuna mnyororo wa moja kwa moja unaoziunganisha na sikukuu ya leo, ingawa mara nyingi hutajwa kana kwamba ndizo mama yake.

Iliyo karibu zaidi ni desturi ya Uingereza ya Jumapili ya nne ya Kwaresima. Siku hiyo waumini walirejea katika kanisa kuu la eneo lao au kanisa walilobatiziwa, ambalo waliliita kanisa mama. Vijana waliofanya kazi za nyumbani kwa matajiri waliruhusiwa kwenda makwao, nao waliwapelekea mama zao maua ya porini waliyochuma njiani, au keki.

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 desturi hiyo ilikuwa imefifia sana. Aliyeifufua ni Constance Adelaide Smith, mwanamke wa Nottingham, aliyevutiwa na habari alizosoma mnamo 1913 kuhusu kampeni iliyokuwa ikiendelea Marekani. Ndiyo maana hadi leo Waingereza humuenzi mama wakati wa Kwaresima, wiki kadhaa kabla ya Wakenya kufanya hivyo.

Kampeni hiyo ya Marekani ilikuwa na historia ndefu nyuma yake.

Mama aliyezika watoto

Ann Reeves Jarvis alizaliwa mwaka 1832 katika jimbo la Virginia. Baadaye familia yake ilihamia maeneo ya milimani magharibi mwa jimbo hilo, ambayo mnamo 1863 yalijitenga na kuwa jimbo la West Virginia.

Alijifungua zaidi ya mara kumi. Ni watoto wanne pekee waliofikia utu uzima. Wengine waliangamizwa na maradhi yaliyokuwa yakivikumba vijiji vya wakati huo, yakiwemo ukambi, dondakoo na homa ya matumbo.

Nduguye, James Reeves, alikuwa daktari aliyejulikana kwa juhudi zake dhidi ya homa ya matumbo. Kutokana na msiba wake mwenyewe na elimu hiyo ya nduguye, Ann alitambua jambo ambalo majirani wengi walikuwa hawajalitilia maanani: watoto wale hawakuwa wakifa kwa majaliwa tu. Walikuwa wakiuawa na uchafu, maji machafu na maziwa yaliyoharibika.

Mnamo 1858 alianza kuwakusanya wanawake wa miji midogo ya eneo lake, ikiwemo Grafton, Philippi, Pruntytown, Fetterman na Webster, katika vikundi vilivyoitwa Vilabu vya Kazi vya Siku ya Akina Mama. Neno 'kazi' halikuwekwa kama pambo.

Vikundi hivyo vilichanga fedha za kununulia maskini dawa. Viliajiri wasaidizi wa kuzitunza familia ambazo mama aliugua kifua kikuu. Vilikagua maziwa na vyakula, na kuwafundisha wazazi umuhimu wa usafi wa nyumba na mazingira.

Kwa Mkenya wa leo, kazi hiyo si ngeni. Ndiyo inayofanywa na wahudumu wa afya wa kijamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba vijijini, na pia na vyama vya wanawake vinavyochangiana fedha kila wiki ili mmoja wao anunue tangi la maji au alipe gharama za hospitali.

Vita vyaja

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mnamo 1861, eneo la akina Jarvis lilipasuka vipande viwili. Kutoka nyumba hiyo hiyo, ndugu mmoja aliweza kujiunga na jeshi la Kaskazini na mwingine na la Kusini.

Ann Jarvis alivitaka vilabu vyake visiegemee upande wowote. Wanawake hao waliwalisha na kuwauguza wanajeshi wa pande zote mbili, hasa pale homa ya matumbo na ukambi vilipozuka kambini.

Vita vilikwisha 1865, lakini uhasama ulibaki. Mnamo 1868 aliandaa mkutano katika mahakama ya Pruntytown, alioupa jina la Siku ya Urafiki ya Akina Mama, na kuwaalika waliopigana pande zote pamoja na jamaa zao. Wengi walihofia kwamba damu ingemwagika. Mkutano ulimalizika kwa amani, na waliokuwa maadui walisalimiana.

Naye mwandishi Julia Ward Howe wa Boston alikuwa na wazo la aina hiyo. Mnamo 1870, Ufaransa na Ujerumani zikiwa vitani, alitoa mwito kwa wanawake wa dunia nzima wakatae wana wao wafunzwe kuua wana wa wenzao. Alipendekeza siku ya amani ya akina mama iadhimishwe kila Juni 2, na kwa miaka michache baadhi ya miji ya Marekani iliitikia, kisha wito huo ukazimika.

Hivyo basi, katika mizizi yake ya Marekani, siku hii ilihusu mambo mawili mazito: afya na amani. Mama hakuwa mtu wa kukalishwa kitini na kupewa ua. Alikuwa mtu wa kuinuka na kutenda.

Binti atimiza ahadi

Anna Jarvis alizaliwa Mei 1, 1864, vita vikiwa vimepamba moto. Inasimuliwa kuwa alipokuwa msichana wa umri wa miaka kumi na miwili, alimsikia mamake akihitimisha somo la shule ya Jumapili kwa sala, akiomba kwamba siku moja atokee mtu wa kuanzisha siku ya kuwakumbuka akina mama kwa utumishi wao kwa binadamu.

Ann aliaga dunia Mei 9, 1905. Binti yake, aliyekuwa akiishi Philadelphia, aliamua kuwa mtu huyo atakuwa yeye.

Aliwaandikia barua magavana, wabunge, wahubiri, wahariri na wafanyabiashara wakubwa. Mnamo Mei 10, 1908, ibada ya kwanza rasmi ilifanyika katika kanisa la Kimethodisti la Andrews mjini Grafton, ambako mamake alifundisha kwa miaka mingi. Anna hakuhudhuria, ila alituma maua 500 meupe aina ya karnesheni, ambayo mamake aliyapenda. Siku iyo hiyo alihutubia umati Philadelphia, katika ukumbi wa duka kubwa la tajiri John Wanamaker, aliyekuwa akiunga mkono kampeni hiyo.

Kutokana na maua hayo kulizuka desturi ya kuvaa ua jeupe kwa aliyefiwa na mama, na jekundu au la waridi kwa ambaye mamake yu hai.

Jimbo la West Virginia liliitambua siku hiyo mwaka 1910, na majimbo mengine yakafuata. Hatimaye, Mei 8, 1914, Bunge la Marekani lilipitisha azimio, na siku iliyofuata Rais Woodrow Wilson akatia saini tangazo la kuitenga Jumapili ya pili ya Mei kuwa siku ya taifa ya kuwaenzi mama. Jumapili hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo iliyokaribiana na tarehe ya kifo cha Ann Jarvis. Tangazo la Wilson lenyewe lilitolewa Mei 9, miaka tisa kamili tangu mama huyo afariki.

Ritifaa iliyobadilisha maana

Katika ushindi huo palikuwa na badiliko ambalo wengi hawakulitambua, nalo lilihusu alama ndogo ya uandishi.

Mama alikuwa ameandika jina la vilabu vyake katika wingi: siku ya mama wengi. Binti alishikilia kwamba kwa Kiingereza ritifaa iwekwe kabla ya herufi ya mwisho, ili jina liwe la umoja: siku ya mama mmoja. Alitaka kila mtu amkumbuke mama yake mwenyewe, yule bora aliyepata kumjua. Hata tangazo la serikali lilifuata uandishi huo wa umoja, ambao Anna aliulinda kwa wivu.

Kiswahili hakihitaji ritifaa kuonyesha tofauti hiyo. Anayesema 'Siku ya Mama' amefuata njia ya binti. Anayesema 'Siku ya Akina Mama' amerejea, pengine bila kujua, kwa Ann Jarvis na vilabu vyake vya 1858. Magazetini na redioni majina yote mawili hutumika kana kwamba ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Mama mmoja hupewa zawadi na wanawe. Akina mama, wakiwa kundi, wana mahitaji ambayo zawadi haiwezi kuyatimiza: zahanati, maji, usalama na haki.

Aliyeijenga ataka kuibomoa

Siku ya mama mmoja nyumbani iliwafaa sana wafanyabiashara. Kila mtu ana mama, na kila mama anaweza kununuliwa kitu.

Bei ya karnesheni ilipanda kila Mei. Wachapishaji wa kadi na watengenezaji wa peremende walijitosa. Anna Jarvis alighadhabika. Kwake, kadi iliyochapishwa ilikuwa ishara ya uvivu wa mtu asiyeweza kumwandikia barua aliyemzaa, nazo peremende aliziona kama zawadi ambayo mtoaji huila mwenyewe.

Mnamo 1923 aliingia katika mkutano wa watengenezaji wa peremende Philadelphia kuwashutumu. Mwaka 1925 alikamatwa kwa kuvuruga amani katika kongamano la chama cha mama wa wanajeshi, waliokuwa wakiuza karnesheni kuchangisha fedha. Mwaka 1934 alipinga hata stempu ya posta iliyotolewa kwa heshima ya akina mama.

Alifungua kesi na kutishia nyingine nyingi, hata dhidi ya mashirika ya hisani. Katika miaka ya 1940 alianza kukusanya saini za kutaka sikukuu hiyo ifutwe kabisa.

Mali yake iliishia katika vita hivyo. Alifariki Novemba 24, 1948, katika hospitali moja ya West Chester, Pennsylvania, akiwa na umri wa miaka 84. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Kanisa la Grafton lilihifadhiwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya siku hiyo, na mnamo 1992 likatangazwa turathi ya kitaifa ya Marekani.

Kila taifa na tarehe yake

Kufikia wakati Anna alipofariki, sikukuu ilikuwa imevuka mipaka, na kila taifa liliivisha vazi lake.

Mexico huiadhimisha Mei 10, bila kujali siku ya wiki, tangu gazeti la Excélsior lilipoipigia debe mwaka 1922. Ufaransa huiadhimisha Jumapili ya mwisho ya Mei, isipokuwa inapogongana na Pentekoste, hapo ikasogezwa hadi Juni. Norway huiadhimisha Jumapili ya pili ya Februari.

Bolivia ilichagua Mei 27 kuwakumbuka wanawake wa Cochabamba waliokabiliana na jeshi la Uhispania mwaka 1812. Indonesia huiadhimisha Desemba 22, kwa heshima ya kongamano la kwanza la wanawake wa nchi hiyo la mwaka 1928. Thailand ilichagua Agosti 12, siku aliyozaliwa Malkia Sirikit. Malawi imeifanya Oktoba 15 kuwa sikukuu ya umma ya kuwaenzi mama, jambo ambalo mataifa machache ya Afrika yamelifanya.

Katika nchi za Kiarabu, tarehe ni Machi 21, siku ya kwanza ya majira ya kuchipua. Ilianza Misri mwaka 1956 kutokana na pendekezo la mwanahabari Mustafa Amin. Kwa hiyo Waswahili walio na jamaa Oman na kwingineko katika Ghuba huweza kusikia salamu za siku hii mara mbili: Machi kutoka ng'ambo, na Mei nyumbani.

Mama kabla ya sikukuu

Jumapili ya Mei iliingia Afrika Mashariki kupitia makanisa, shule na, baadaye, matangazo ya biashara. Lakini heshima kwa mama haikuletwa na meli.

Katika sehemu nyingi za Kenya, mwanamke akishajifungua huacha kuitwa jina lake. Huwa Mama Otieno, Mama Wanjiku au Mama Halima. Miongoni mwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama, hivi kwamba kina mama hawafi bali huzunguka katika ukoo.

Methali nazo zimelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema Waswahili. Nani kama mama, huongeza. Kwa Waislamu, Mtume alipoulizwa ni nani astahiliye zaidi kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Ndiyo sababu baadhi ya Waislamu wa pwani husema hawaoni haja ya siku moja, kwani wajibu huo ni wa kila siku.

Fasihi ya pwani pia ina ushahidi wake. Mwaka ule ule wa 1858 ambao Ann Jarvis alianza kuunda vilabu vyake, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa akitunga utendi wa kumuusia bintiye. Wanawake hao wawili hawakujuana, na nyakati zao ziliwawekea mipaka tofauti. Lakini wote wawili walijua kifo kiko karibu na nyumba, na wote walitaka kuwaachia mabinti zao kitu cha kuwalinda.

Maua ya Naivasha

Kati ya vyote alivyovipiga vita Anna Jarvis, ua ndilo lililoishinda nguvu yake. Na ua hilo sasa lina uhusiano wa karibu na Kenya.

Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa maua duniani, na waridi kutoka Naivasha na sehemu nyingine za nyanda za juu hufurika katika masoko ya Ulaya. Wiki za kabla ya Jumapili ya mama ya Uingereza mwezi Machi, na ya mataifa mengine mwezi Mei, ni msimu wa kazi nyingi katika vivungulio, yale mahema ya plastiki yanayohifadhi joto. Maua hukatwa, hupangwa kwa urefu, hufungwa, huwekwa katika vyumba vya baridi, kisha husafirishwa usiku kwa ndege kutoka Nairobi.

Wengi wa wanaoyakata na kuyafunga ni wanawake, na wengi wao ni mama. Wapo wanaoamka alfajiri kuwaacha wanao kwa jirani ili wakaandae shada la mama wa London au Amsterdam.

Unyonge wa mpango huo ulidhihirika Machi 2020. Jumapili ya mama nchini Uingereza iliangukia Machi 22, siku ambazo janga la Korona lilikuwa likifunga mipaka na masoko. Maagizo yalikatizwa, maua yakatupwa, na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Sherehe ya mama mmoja ilipofutika ng'ambo, chakula cha watoto wa mama mwingine huku kilipungua.

Hapo tena ndipo penye tofauti ya umoja na wingi. Anayeinunua waridi anamfikiria mamake. Aliyeikata hayumo katika kadi.

Kona ya Uhuru, 1992

Kenya ina siku yake ya akina mama ambayo haikuandikwa katika kalenda yoyote.

Mnamo Februari 28, 1992, kikundi cha mama wazee, wakisaidiwa na Profesa Wangari Maathai, kilimwendea Mwanasheria Mkuu kudai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Walipoona hawapati jibu la kuridhisha, walipiga kambi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakaanza kususia chakula. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere.

Machi 3, polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya mama walivua nguo mbele ya vijana wale waliotosha kuwa wana wao, kitendo ambacho katika mila za jamii nyingi nchini ni laana nzito.

Waliofukuzwa bustanini walikimbilia kanisa kuu la All Saints, ambako walikesha kwa takriban mwaka mzima. Mapema mwaka 1993, wengi wa wafungwa waliokuwa wakidaiwa waliachiliwa. Mahali walipokalia pamebaki kuitwa Kona ya Uhuru.

Mama hao hawakuwa wamesoma habari za Pruntytown. Lakini walilolifanya lilifanana zaidi na wazo la Ann Jarvis la 1868 kuliko karamu yoyote ya Jumapili. Kila mmoja alikuja kwa ajili ya mwanawe, na wote wakaondoka wakiwa wamewadai wana wa wote.

Deni ambalo waridi haliwezi kulipa

Upo upande mwingine wa hesabu ambao Ann Jarvis angeuelewa mara moja.

Uchunguzi wa kitaifa wa hali ya afya wa 2008 na 2009 ulionyesha kuwa wanawake 488 walikufa kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Kenya. Uchunguzi wa 2014 ulionyesha 362. Sensa ya 2019 ilitoa idadi ya 355. Idadi imepungua, lakini mwendo umekuwa wa polepole, na vingi vya vifo hivyo hutokana na mambo ambayo tiba huweza kuyazuia: kuvuja damu, shinikizo la damu la ujauzito na maambukizi.

Mnamo Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungulia katika hospitali za umma, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama, ambao nafasi yake ilichukuliwa na Linda Jamii wakati wa mageuzi ya bima ya afya ya 2024. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili.

Haki hizo zina maana pale tu zinapomfikia mhusika. Mama anayejifungua mbali na zahanati, barabara ikiwa imekatwa na mvua za Mei hiyo hiyo ya sherehe, hasaidiwi na kifungu asichoweza kukifikia. Wala anayeuza mboga sokoni au kufua nguo za watu hana mwajiri wa kumpa likizo.

Maana iliyosalia

Hakuna ubaya katika kumpelekea mama leso, kumtumia fedha au kumpigia simu. Hata Anna Jarvis, kwa ukali wake wote, alitaka hilo tu: mtu amkumbuke mamake kwa mkono wake mwenyewe. Barua aliyoililia, siku hizi, yaweza kuwa simu isiyokatwa upesi, au safari ya kwenda kumwona angali hai.

Lakini sikukuu hii ina wazazi wawili. Binti aliipa tarehe, ua na jina la umoja. Mama aliipa sababu: watoto wasife kwa maradhi yanayozuilika, na walioko vitani warudi nyumbani.

Sehemu ya binti husherehekewa kila mwaka bila kukosa. Sehemu ya mama, ile ya vilabu vya kazi, huachiwa wahudumu wa afya vijijini, wakunga wa zamu za usiku, na vyama vya wanawake wanaokutana chini ya mti wakiwa na daftari moja na sanduku la fedha. Hao ndio wanaoadhimisha Siku ya Akina Mama katika wingi wake, na kwao haingoji Jumapili ya pili ya Mei.